Wafanyakazi Wenzake Bibi Harusi

Kwenye sendofu za Mwanza, zile sherehe za kumuaga binti anayekwenda kuolewa, MC huwaita watu kwa mafungu. Wanaanza mashangazi, wanafuata wajomba, halafu majirani, halafu kwaya, halafu waliosoma na binti, na kila fungu linaingia likicheza, limevaa sare, zawadi imeinuliwa juu ili asitokee mtu wa kusema hakuiona. Kati ya mafungu hayo kuna moja ambalo upande wa wakwe hulisubiri huku ukijifanya unachokonoa meno. Hilo ni fungu la wafanyakazi wenzake bibi harusi. Hapo ndipo wanapojua wanaoa nini. Wakiingia watu wa benki, mama mkwe anakaa vizuri kwenye kiti. Wakiingia walimu, wanapigiwa makofi ya pole. Wakiingia manesi, kila mwenye presha ukumbini anaanza kuzikariri sura zao.

Mimi sikuwa na wafanyakazi wenzangu. Nilikuwa na kompyuta, modemu, na kiti cha plastiki kilichowekewa mto, vyote ndani ya chumba kimoja cha kupanga huko Kiseke.

Zamani nilikuwa mfasiri wa kujitegemea, frilansa kama tunavyojiita tukitaka kupendeza. Nilitafsiri maelekezo ya dawa za meno, mikataba, na tovuti za hoteli ambazo wenyewe hawajawahi kunikaribisha hata chai. Kisha ikaja akili mnemba, na wateja wangu wakagundua kwamba yupo anayefanya kazi ileile bila kulala, bila kuugua na bila kuomba nyongeza. Hawakunifukuza, maana ni waungwana. Waliniambia tu kwamba kuanzia sasa mashine itatafsiri na mimi nitaisahihisha. Kwa hiyo kutwa nzima nilikaa naifundisha mashine kuongea kama mtu, ili siku moja iniachishe kazi kwa Kiswahili fasaha. Nikiikosoa ilinishukuru. Haikuwahi kuninunia. Marafiki zangu walioajiriwa waliniambia nina bahati, kwamba sina bosi wa kunisimamia kichwani, sina wa kugombania naye feni, sina wa kunichangisha keki ya kuzaliwa ya mtu nisiyempenda. Ni kweli. Zilikuwepo wiki nzima ambazo neno refu kuliko yote niliyomwambia binadamu lilikuwa "niongezee pilipili".

Mama yangu hakuamini kwamba hiyo ni kazi. Yeye alifanya kazi kiwanda cha samaki kando ya ziwa, kukata minofu ya sangara, mpaka alipostaafu. Kazi kwake ilikuwa na harufu, na buti, na gari la kuwapitia asubuhi, na zaidi ya yote ilikuwa na wenzake. Wanawake wale wa minofu walikuja nilipozaliwa. Walikuja baba alipofariki, wakalala kwenye mikeka sebuleni kwetu Mabatini, wakapika, wakaosha vyombo, wakagombana juu ya sufuria, wakaondoka wakiwa wamemaliza sukari yote na kumwachia mama nguvu ya kuamka. Alipostaafu waliingia uani wakiimba, wamebeba godoro. Hata sasa, akikohoa mara mbili mfululizo, mmoja wao anatokea mlangoni na ndizi. Kwa hiyo majirani walipomuuliza mtoto wake anafanya kazi wapi, mama alijibu, "Yuko kwenye mitandao," kwa sauti ile ambayo watu hutumia kusema fulani yuko rumande.

Basi nikachumbiwa. Mchumba wangu alikuwa fundi wa maabara, mtu mpole, mwenye kitambulisho cha kazini kinachoning'inia shingoni hata Jumapili. Wazazi wake walitoka ng'ambo ya ziwa, Bukoba, na baba yake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Siku waliyokuja kwetu kujitambulisha, mzee aliniuliza nimeajiriwa wapi. Nikasema nimejiajiri. Akasema, "Aha." Akanywa chai kidogo, kisha akaniuliza tena swali lilelile, taratibu, kama mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi ya pili kabla hajaandika sifuri. Nikarudia jibu langu. Mama aliinuka akaenda kuangalia wali ambao ulikuwa umeshaiva.

Kamati ya sendofu ilipoketi, mwenyekiti alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama, mtu anayejihesabu mtaalamu wa teknolojia kwa sababu ana simu mbili. Alisoma ratiba kwa sauti, fungu kwa fungu, na kila fungu lilikuwa na mtu wa kuinua mkono na kusema wako tayari. Alipofika kwa wafanyakazi wenzake bibi harusi, hakuinua mtu.

Nilijua hasa mama anaogopa nini, kwa sababu tuliliona pamoja, mwaka uliotangulia, kwenye sendofu ya binti mmoja huko Mkolani. MC aliita fungu moja, nimesahau lipi, na halikuwepo. Akaita tena. DJ, ambaye alikuwa ameshabonyeza, akauacha wimbo uendelee, na ukumbi mzima ukakaa ukiangalia mlango ambao hakuna mtu anayepita. Binti wa watu alitazama keki mpaka wimbo ulipoisha. Mama alinishika mkono njia nzima wakati wa kurudi, na sikuwa nimechumbiwa bado.

Mjomba akakohoa. Akasema kwamba hilo ni tatizo dogo sana kwa zama hizi. Kama wafanyakazi wenzangu wako mtandaoni, basi wataonekana mtandaoni: tutaweka skrini kubwa, na watatoa pongezi zao kwenye skrini. Nikamwambia hakuna mtu wa kutoa hizo pongezi. Akatabasamu kwa huruma, akatoa simu yake ya pili, ile ya teknolojia, na kutuonesha kitu alichokwisha kukitengeneza. Kulikuwa na ofisi ya vioo. Kulikuwa na vijana sita waliovaa suti, meno meupe kupita kiasi, wamesimama nyuma ya meza ndefu, na mmoja wao alikuwa na vidole ambavyo ukivihesabu unarudia. Wote kwa pamoja walinitakia heri katika hatua hii muhimu ya safari yangu ya maisha. Kiswahili chao kilikuwa kizuri. Bila shaka kimoja kati ya vile vitenzi nilikisahihisha mimi mwenyewe.

Kamati ilishangilia. Shangazi mmoja aliuliza kama yule wa katikati ameoa. Mama alichukua simu, akaisogeza mbali kidogo kwa sababu ya macho, akaangalia mpaka mwisho.

"Na hawa watakula nini?" aliuliza.

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikidhani mama ameliua jambo. Lakini yeye hakucheka. Alimrudishia mjomba simu, akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini kwamba wawekwe tu. Bora hao kuliko wakwe kuona patupu.

Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyochukia hiyo "bora hao". Hasira yangu haikuwa kwa mama. Ilikuwa kwamba mwanamke aliyetumia maisha yake kati ya watu wenye mikono yenye makovu ya visu alikuwa tayari kukubali vijana wasiokuwepo, kwa ajili yangu, ili asiumbuke mbele ya mwalimu mkuu. Nikasema skrini haitakuwepo. Nikasema wenzangu ninao na watakuja kwa miguu yao. Mjomba akauliza wangapi, kwa ajili ya chakula. Nikataja idadi, kwa ujasiri ambao sijui niliutoa wapi, na mwandishi wa kamati akaiandika. Mama akaanza kukusanya vikombe.

Sasa niwaeleze kuhusu hao wenzangu. Palikuwa na grupu kwenye simu, la mafrilansa wa Mwanza, lenye watu wengi kuliko kwaya tatu. Tulikuwa jumuiya, ndivyo ilivyoandikwa pale juu kwenye maelezo ya grupu. Kila asubuhi mtu alituma picha ya ua na kikombe cha chai. Mara moja moja mtu alituma tangazo la kazi baada ya kuhakikisha kwamba yeye mwenyewe ameshaikosa. Tulishauriana kuhusu umeme, tulilalamikia bando la intaneti, na kila ilipotoka mashine mpya inayofanya kazi ya mmoja wetu, wengine tulimtumia kikatuni cha kulia machozi. Hatukuwahi kuonana. Tulikuwa tunaishi mji mmoja, tunakula sato wa ziwa moja, na tunaogopana kidogo, kwa sababu kila mmoja alimjua mwenzake kama mtu anayeweza kuchukua mteja wake kwa bei nafuu.

Nikaandika kwenye grupu kwamba naagwa, na kwamba naomba watakaoweza waje wasimame kama wafanyakazi wenzangu. Majibu yalikuja mengi na kwa haraka. Walinitakia heri katika hatua hii muhimu ya safari yangu ya maisha. Wa kwanza aliandika hivyo, wa pili hivyohivyo, wa tatu akaongeza ua. Mwingine hakuwa hata amefuta ule mstari wa juu unaosema hapa kuna ujumbe wa pongezi wenye kugusa hisia. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki nikisoma mashine ikinipongeza kupitia watu, na baada ya kusoma kumi nikajikuta nasahihisha koma.

Ndipo nikabonyeza kile kipaza sauti na kuongea, jambo ambalo kwenye grupu letu lilionekana la kishamba.

"Jamani, sitaki maneno. Maneno nayasahihisha kutwa nzima, yamenitoka puani. Nataka miguu. Mwenye miguu aje."

Grupu likanyamaza. Hata picha ya ua na chai haikuja kesho yake. Nilijua nimeharibu, na nikaanza kutunga namna ya kumwambia mjomba kwamba ile idadi aipunguze, aipunguze sana. Jioni ukaingia ujumbe mmoja, wa faragha, kutoka kwa mtu ambaye picha yake kwenye simu ilikuwa ng'ombe mwenye pembe ndefu. Ulisema: "Miguu ninayo."

Huyu wa ng'ombe nilimfahamu kwa kiasi cha kumfahamu mtu wa kwenye simu. Alikuwa anaishi Mkolani. Kazi yake ilikuwa kusikiliza rekodi za mikutano ya watu wengine na kuandika walichosema, na siku hizi kusikiliza kama mashine imeandika sawa walichosema. Yaani alihudhuria mikutano kutwa nzima bila kualikwa hata mmoja. Tulikuwa tumebadilishana ujumbe kwa muda mrefu kuhusu wateja na modemu, na mimi nilimwita "mwanangu" na "mzee baba" kwa ile lugha ya mjini ya vijana, naye hakuwahi kulalamika.

Baada yake akaja dada mmoja wa Mabatini. Kazi yake yeye ilikuwa kuchora visanduku kuzunguka watu kwenye picha, ili mashine ijifunze kwamba huyu ni mtu na kile ni kichaka. Akaja mwingine, mwanamke wa familia ya Kihindu yenye duka la vitambaa mjini kati tangu enzi za babu, aliyekataa kukaa kaunta na badala yake akawa anatunza mahesabu ya maduka ya watu wa nchi za mbali, peke yake, kwenye ghorofa ya juu ya duka lilelile. Yeye alisema atatoa kitambaa cha sare na kwamba suala la kucheza tumwachie, maana kwenye sikukuu zao hucheza kila mwaka na hajawahi kukosea. Baada ya hao watatu, wengine wakaanza kujitokeza mmoja mmoja, wakinong'ona, wakiomba wasitajwe kwanza kwenye grupu.

Nikapendekeza tukutane Jumamosi tufanye mazoezi. Pendekezo hilo lilipokelewa kwa mshangao. Wenzangu walinikumbusha, kwa upole, sisi ni akina nani. Sisi ni watu tunaowafanyia kazi watu wa mabara mengine bila kuonana nao uso kwa uso, na kazi inafika, na wanaridhika. Iweje tushindwe kucheza hatua nne za mbele na mbili za pembeni mpaka tukusanyike uwanjani kama halaiki ya Mwenge wa Uhuru? Mama wa vitambaa angejirekodi akicheza, angetuma video, kila mtu angejifunza nyumbani kwake kwa wakati wake. Nilikubali. Kusema kweli nilivutiwa. Nilijiona niko kwenye ofisi ya kisasa.

Sikujua yaliyotokea kwenye hiyo video mpaka baadaye, kwa hiyo niyaseme hapa ili yanayofuata yaeleweke. Alijirekodi kwa kamera ya mbele, ile ambayo hugeuza mtu, mkono wa kulia ukaonekana wa kushoto. Akaituma. Mmoja akamwambia kwamba imegeuka. Akairekebisha, akaituma tena, akaandika kwamba hii ndiyo sahihi, ile ya kwanza wasiitumie. Lakini frilansa wa Mwanza hapakui video moja mara mbili. Bando lina kazi zake. Waliokuwa wamepakua ya kwanza wakabaki nayo, waliochelewa wakapakua ya pili, na kila mmoja, chumbani kwake, mlango umefungwa, akaanza kujifunza kwa bidii ambayo ingewashangaza wateja wetu.

Siku yenyewe ilifika. Ukumbi ulikuwa kando ya ziwa, na wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wameanza kukusanyika kwenye taa, ikabidi wapishi wafunike sahani. Mimi nilikaa jukwaani na gauni ambalo lilinizuia kupumua kwa ukamilifu. Upande wa kulia walikaa wakwe, baba mkwe mbele, fimbo yake katikati ya magoti. Upande wa kushoto alikaa mama, na nyuma yake wenzake wa minofu, meza mbili nzima, wameshaingia na kucheza na kuleta jiko la gesi na kurudi kukaa. Mama hakuwa amekula kitu.

MC akaita. Akasema sasa ni zamu ya wafanyakazi wenzake bibi harusi, na DJ akabonyeza. Mlango ukabaki wazi, hakuna mtu. Mjomba aliniangalia kutoka kwenye meza ya kamati kwa jicho la mtu ambaye bado ana video yake kwenye simu. Sekunde hizo zilikuwa ndefu kuliko uchumba wangu wote. Mama alinyoosha kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimeshanyooka.

Kisha wakaingia. Walikuwa kumi na kitu, wamevaa sare ya bluu yenye maua meupe, wamejipanga safu mbili, na nyuso zao zilikuwa za watu wanaofanya mtihani. Mbele yao walisukuma zawadi, na zawadi ilikuwa kiti cha ofisi. Kiti cheusi, cha magurudumu, chenye mgongo mrefu na utepe mwekundu. Sijawahi kuona bibi harusi akipelekewa kiti cha ofisi, na ukumbi pia haukuwahi, kwa maana makofi yalianza, yakasita, yakaulizana, yakaanza tena. Walicheza hatua nne za mbele vizuri sana. Nilianza kulia kwa furaha. Wakafika kwenye zile mbili za pembeni, na nusu yao wakaenda kulia na nusu wakaenda kushoto.

Waligongana kwa nguvu ya watu wenye uhakika. Hakuna aliyesita, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba yeye ndiye yuko sahihi, alijifunza kwenye video. Dada wa Mabatini akampiga kumbo jamaa mmoja wa Igoma, mama wa vitambaa akabaki katikati akiinua mikono kuwaelekeza na kuwachanganya zaidi, na katika hekaheka hiyo wote waliokuwa wameshika kiti wakakiachia. Sakafu ya ule ukumbi ni ya vigae. Kiti kiliondoka peke yake, utepe ukipepea, kikapita meza ya kwaya, kikapita keki, kikaenda moja kwa moja mpaka kwa wakwe na kusimama kwenye magoti ya mwalimu mkuu mstaafu.

DJ akazima muziki, sijui kwa nini. Labda alidhani ni ajali.

Baba mkwe alikiangalia kiti. Alikigeuza, kikazunguka. Alibonyeza kile kichuma cha pembeni, kikashuka kikitoa pumzi. MC, ambaye analipwa ili asiache ukimya, alimkimbizia kipaza sauti.

"Hiki ni kiti cha ofisi," baba mkwe alisema. "Sasa nauliza, ofisi yenyewe iko wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama alivyouliza sebuleni kwetu, kwa sababu alitaka kujua. Wenzangu walisimama katikati ya ukumbi, safu zimevurugika, wakitazamana. Mara nyingi nimejiuliza kama wangegeuka na kutoka ningewalaumu. Ndipo mtu mmoja kutoka safu ya nyuma akatembea taratibu, mzee, mwenye mvi kichwa kizima, suruali yake imepigwa pasi mpaka mstari unakata, akapokea kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mzee mwenzangu," alisema, "ofisi yetu ni kubwa. Inaanzia Kiseke kwa huyu binti, inapita Mabatini, inapanda ghorofa pale mjini, inaishia kwangu Mkolani. Kasoro yake wafanyakazi hatukuwa tunajuana. Ndiyo tumekutana leo, kama ulivyoona."

Ukumbi ulicheka, na meza mbili za minofu zilicheka kuliko zote, zikapiga vigelegele. Baba mkwe alifikiri kidogo. Halafu akaikabidhi fimbo yake kwa mkewe, akainuka kwenye kiti cha ukumbi, akakaa kwenye kiti changu, akaegemea, akafumba macho. Hakukirudisha mpaka chakula kilipoisha, na nina hakika alikirudisha kwa sababu tu mkewe alimkanyaga.

DJ akarudisha muziki, na wenzangu wakapanga foleni kuja kunipa mkono mimi na mama, ambaye alikuwa amepanda jukwaani na kusimama pembeni yangu. Dada wa Mabatini alipofika, mama alimshika bega, akamgeuza kwenye mwanga. Kumbe alikuwa anamfahamu miaka yote. Nyumba ya dada huyo ipo nyuma ya genge ambalo mama hununua nyanya, na mama alikuwa amezoea kumtaja, kwa masikitiko, kama yule binti asiye na kazi anayeshinda amejifungia ndani. Alimuuliza kwa nini hakusema. Dada akajibu kwamba hakuna aliyemuuliza. Mama akamwambia kesho aje achukue nyanya kwake, ambayo ndiyo njia yake ya kuomba radhi.

Yule mzee alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Nilipomuuliza yeye ni nani kwenye grupu, akasema yeye ndiye ng'ombe. Nilitamani ukumbi unimeze. Nilikumbuka kila "mwanangu" niliyomwandikia, na siku niliyomwambia aache uzee, abadilishe modemu. Nikapiga goti, gauni likalalamika, nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akacheka, akasema kule kwenye simu alikuwa amefurahi kuwa kijana.

Lakini hakuuachia mkono wangu. Alisogea karibu, kwa sababu ya muziki, na alichokisema alikisema kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia bei.

"Binti yangu, mimi harusi nilishamaliza, na niliyemuoa ameshatangulia. Watoto wako mbali. Pale mtaani najulikana kama mlango uliofungwa. Kwangu kilichobaki ni msiba wangu mwenyewe. Mtakuja?"

Siku zote hizo niliwaza mlango wangu, ule ambao watu wangepita au wasingepita, na huyu mtu alikuwa amepiga pasi suruali yake, akajifunza kucheza peke yake chumbani, ili apate mahali pa kuuliza hilo swali. Niliangalia nyuma yake. Wenzangu walikuwa bado wamesimama pale chini ya jukwaa, na walikuwa wamesikia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama simu.

Ni mama aliyejibu. Aliuchukua mkono wa mzee kutoka kwenye mkono wangu na kuushika kwa ile mikono yake ya visu.

"Tutakuja, kaka yangu. Mimi nitakuja na wenzangu, na hawa watakuja. Sasa nieleze, Mkolani unakaa sehemu gani?"

Mzee akaanza kumwelekeza. MC alikuwa ameshaita fungu linalofuata na wimbo wao ulikuwa unapigwa, lakini wafanyakazi wenzangu hawakuondoka. Walisogea karibu zaidi, wakainamisha vichwa, wakasikiliza njia ya kufika kwake.